Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera: mkaguzi apande ngazi aione lenta

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, salaam kutoka Bukoba.

Nakuandikia kuhusu lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaolazwa ukutani juu ya milango na madirisha. Najua mezani kwako kuna bei ya kahawa, mnyauko wa migomba na barabara, lakini nyumba zinachipuka kila kona ya mkoa huu, na nyingi zinajengwa kana kwamba Septemba 2016 haikuwahi kutokea.

Jumamosi ile ya tarehe 10, saa 9 na dakika 27 alasiri, lilipita tetemeko la ukubwa wa 5.9. Kitovu chake kilikuwa upande wa Nsunga, Missenyi, kina cha kilomita kama 40. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kufungwa. Ingekuwa Jumanne saa 4 asubuhi, madarasa yamejaa, sijui tungezika wangapi.

Mimi nafundisha Jiografia. Wanafunzi wananionyesha bila kusita Japani na Chile, pale bamba moja la ganda la dunia linapozama chini ya jingine. Nikiuliza Kagera je, wanajibu ilikuwa bahati mbaya. Wazazi wao wanasema mapenzi ya Mungu. Sibishani nao, ila si Mungu aliyeweka udongo mahali pa saruji.

Afrika inapasuka, Mheshimiwa. Bamba la Somalia linaachana na lile la Nubia kwa milimita chache kila mwaka, na ufa wenyewe una matawi mawili. La mashariki linapita Kenya na kaskazini mwa Tanzania. La magharibi linafuata maziwa: Albert, Kivu, Tanganyika, Rukwa, Nyasa. Katikati kimebaki kipande cha mwamba mgumu wa kale kilichobeba Ziwa Viktoria, nasi tuko ubavuni mwake, upande wa magharibi. Kwa kuwa Bonde la Ufa halipiti uani kwetu, tunajiona salama. Lakini mwamba unaovutwa miaka na miaka hauachii bondeni peke yake. Nyufa za zamani zilizo kando nazo huteleza. Tawi hili la magharibi lilitoa tetemeko la 7.4 huko Rukwa mwaka 1910. Mwaka 1966 lilitikisa Toro, kwa jirani zetu Waganda, wakafa zaidi ya watu 100. Mwaka 2005 likatoa la 6.8 Ziwa Tanganyika. Kwa hayo, letu lilikuwa dogo. Lijalo hakuna mtaalamu awezaye kulitajia siku.

Sasa nirudi kwenye nyumba. Ukuta wa tofali unabeba paa miaka hamsini bila kulalamika, kwa sababu uzito unashuka wima. Tetemeko linausukuma kwa ubavu. Kona zinafunguka, kila ukuta unayumba kivyake, na ule wa pembetatu chini ya paa ndio hutangulia kuanguka. Lenta inayozunguka nyumba nzima hufanya kazi ya kamba kwenye mzigo wa kuni. Lakini kuna mafundi wanaolaza nondo mbili juu ya mlango na dirisha tu, wakamwaga zege, kazi ikaitwa imeisha. Ukishapigwa plasta huwezi kujua.

Mkaguzi akija hutazama mpaka wa kiwanja na risiti, na palipo na kasoro anaandika ukutani SIMAMISHA UJENZI kwa rangi nyekundu. Agiza afike mara moja zaidi, kabla zege la lenta halijamwagwa, aone nondo zimezunguka na zimepinda kwenye kona bila kukatika. Asipoziona, kenchi za paa zisipande.

Utaambiwa mwananchi hana uwezo. Nondo ni ghali, kweli, ila wengi wanaolia hivyo wameweka vigae na geti la chuma. Asiye nacho kabisa ni afadhali alale kwenye nyumba ya miti na bati kuliko ya tofali zilizoshikwa na tope. Msonge wa bibi ulikuwa wa miti na nyasi. Hata ungeanguka, usingemfukia mtu kwa mawe.

Ukikubali, anza na madarasa na mabweni yanayojengwa kwa nguvu za wananchi. Huko fundi hulipwa kidogo na mara nyingi hakuna anayepanda ngazi kutazama kazi yake. Orodha ya majengo hayo watendaji wa kata wanayo.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Jiografia,
Manispaa ya Bukoba