Barua kwa mwanangu: kesi zimekwisha, kazi bado

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kwa nini bado tuko kazini hapa Arusha ilhali Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilifunga milango Desemba 31, 2015. Kwa kuwa unasomea sheria, nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Kesi zilikwisha, ni kweli. Walishtakiwa watu 93, na wa mwisho waliokuwa wakisakwa walithibitika Mei 2024 kuwa walishafariki. Lakini Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilijua tangu 2010 kwamba kesi zikiisha majukumu hayaishi, ndiyo maana likaunda chombo cha kushika masalia ya kazi ile, hapa Arusha na The Hague, Uholanzi; ndicho tunachokifanyia kazi.

Masalia yenyewe ni watu. Mashahidi zaidi ya 3,000 walipanda kizimbani, wengi nyuma ya pazia, wakiitwa kwa herufi tu. Kabla mkanda wa ushahidi haujatolewa kwa umma, mmoja wetu anausikiliza wote, neno kwa neno, na kufuta kila mahali palipoponyoka jina la kilima alikozaliwa shahidi au la mwanawe. Yapo masaa navua vifaa vya masikioni, natoka nje kidogo, kisha narudi. Mama aliyesimulia ubakaji katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba, ile ya 1998 iliyotamka kwamba ubakaji nao waweza kuwa mauaji ya kimbari, aliahidiwa ulinzi. Amri ile haikufa na mahakama.

Kinachoniuma zaidi ni walioachiwa huru. André Ntagerura, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alionekana hana hatia 2004, rufaa ikathibitisha 2006. Hakupata nchi ya kumpokea alikotaka kwenda, akaishi hapa Arusha mwaka baada ya mwaka. Desemba 2021 yeye na wenzake saba, wakiwemo waliomaliza vifungo, walipelekwa Niger. Kabla mwezi haujaisha serikali ya huko ikaamuru waondoke, wakaishia kuzuiliwa ndani ya nyumba. Najua manusura wengi hawataki hata kuwasikia, na siwalaumu hata kidogo. Hata hivyo naamini mahakama inayoweza kufunga mtu maisha lazima iwe na mahali pa kumpeleka iliyemwachia, na hilo lilipaswa kupangwa kabla ya shahidi wa kwanza kuapishwa.

Hukumu ya Ntagerura iko wazi kwa umma. Isome yote, pamoja na maoni ya majaji waliotofautiana, tuijadili ukija likizo.

Mama yako