Vumbi la Dodoma nalo lipimwe kila siku

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu kazi inayofanyika mbali sana na sisi, yaani upimaji wa chembechembe zinazoelea hewani katika Ncha ya Kaskazini na Ncha ya Kusini. Kila ninapofundisha mada ya tabianchi, wanafunzi wangu huniuliza kwa nini mataifa yagharimie kuhesabu vumbi mahali penye barafu tupu, ilhali sisi wenye vumbi tele hatuambiwi lolote kulihusu. Swali lao ni la haki, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hewa ya Ncha ya Kusini hupimwa hasa kwa sababu ni safi. Katika kituo cha Marekani kilichopo huko, upande unakotoka upepo umetengwa kuwa eneo la hewa safi, ambamo magari hayaruhusiwi kupita ovyo wala ndege kuruka chini, ili moshi wa kituo chenyewe usije ukaingia kwenye vipimo. Chembe nyingi zinazotafutwa huko ni ndogo kuliko upana wa unywele kwa mamia ya mara, na hata mwanga wa leza peke yake hauwezi kuzibaini. Kwa hiyo hewa hupitishwa kwanza katika mvuke wa alkoholi, kisha hupozwa. Mvuke hujishika juu ya kila chembe kama umande ujishikavyo kwenye bati alfajiri, na chembe iliyokuwa haionekani hunenepa ikawa tone. Matone hayo hupita mbele ya leza moja baada ya jingine na kuhesabiwa. Katika majira ya baridi ya huko, sentimita moja ya ujazo wa hewa huweza kuwa na makumi machache tu ya chembe, wakati katika miji mikubwa idadi hiyo hufika maelfu, hata makumi ya maelfu. Asiyejua hewa safi ina chembe ngapi hawezi kusema kwa uhakika hewa yake imechafuka kiasi gani.

Habari ya Kaskazini ni tofauti, na kwangu mimi inafundisha zaidi. Katika miaka ya 1950 marubani wa Marekani waliokuwa wakiruka juu ya Aktiki, yaani eneo linaloizunguka Ncha ya Kaskazini, waliona ukungu wa rangi ya hudhurungi ambao hawakuutarajia mahali pasipo na viwanda. Uchunguzi wa kemia uliofanywa baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1970, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya ukungu huo ilikuwa salfeti, yaani chembe zitokanazo na moshi wenye salfa, na masizi yaliyosafirishwa na upepo kutoka viwanda vya Ulaya na kaskazini mwa Asia, yakabaki angani miezi ya baridi kwa sababu mvua na theluji ya kuyasafisha ni chache. Masizi yakitua juu ya theluji huitia weusi. Theluji mpya, ambayo kwa kawaida hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, huanza kulinyonya joto na kuyeyuka mapema. Kituo cha Alert, kaskazini kabisa mwa Kanada, kimekusanya chembe hizo kwenye karatasi za kuchujia wiki baada ya wiki tangu 1980, na kwa sababu hiyo iliwezekana kuonyesha kwamba salfeti ilipungua baada ya viwanda kudhibitiwa na mingine kufungwa. Kama kazi hiyo ingeanza miaka 20 baadaye, upungufu huo mkubwa usingeonekana kwenye rekodi zake.

Wala tusidhani kwamba elimu hii ni ya Wazungu na barafu yao. Mwaka 2000, timu iliyoongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani ilichimba na kutoa nguzo ndefu za barafu kileleni mwa Kilimanjaro, na ndani yake ikakuta tabaka la vumbi la takriban miaka 4,000 iliyopita, ishara ya ukame mkali uliowahi kuikumba sehemu kubwa ya Afrika. Kwa majirani zetu, kituo cha Mlima Kenya kimo katika mtandao uleule wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unaoviunganisha vituo vya ncha za dunia.

Sasa nirudi hapa kwetu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua ikiwa imekwisha na upepo wa kusini-mashariki umeshika kasi, mtu akianika nguo nyeupe asubuhi huzianua zikiwa na wekundu, na paneli za sola zisipofutwa huvikwa ngozi ya udongo. Tumezoea kulilaumu vumbi hilo jekundu kwa kila kikohozi, lakini chembe zake nyingi ni kubwa na huishia puani na kooni. Zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu ni zile ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo kwa sehemu kubwa hutokana na moshi wa mkaa, kuni, takataka, mashamba yanayochomwa na injini za magari. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kwa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) katika kila mita ya ujazo wa hewa. Macho hayawezi kutuambia tuko wapi kwenye kipimo hicho, na mji huu unakua kwa kasi, kuanzia Mtumba hadi Nala, huku barabara ya mzunguko ikipasua ardhi iliyokuwa vichaka.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni vituo viwili vya kudumu. Kimoja kiwe nje ya mji upande wa kusini-mashariki, mbali na barabara na tanuri za matofali, kipime hewa kabla haijaingia mjini; kingine kiwe katikati ya mji, karibu na makazi. Tofauti kati ya vipimo vya vituo hivyo viwili ndiyo itakayosema mji wenyewe unaongeza nini na upepo unatuletea nini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina uzoefu wa kupima kila siku bila kukosa, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina vijana wa fizikia na kemia wanaoweza kufundishwa kuzibadilisha na kuzipima karatasi za kuchujia. Kazi ianze mapema, na matokeo yake yasomwe pamoja na utabiri wa mvua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Jiografia,
Dodoma.