Gongo zito si nguvu, tusiwabebeshe watoto

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wako wa barua, manake hii kitu imenikaa rohoni sana. Mimi hufundisha watoto besiboli hapa Manyatta, Kisumu, jioni na Jumamosi, na kila mahali tunaenda kucheza nasikia wazazi na hata walimu wakiwaambia watoto chukua lile gongo zito, yaani kile kipande cha kupigia mpira, ndio mpira uende mbali. Hiyo ni kweli nusu, na hiyo nusu ndio inaumiza watoto.

Mwaka jana nilienda kwa fundi wa mbao Kibuye nikamwambia anichongee gongo la mkaratusi, nene, nikidhani nasaidia timu. Tukalipima kwa mizani ya posho mill, kilo 1.4. Magongo ya wachezaji wa ligi kuu Marekani siku hizi ni kama gramu 900 hivi, na wale ni wanaume wazima wa kilo 90 na zaidi! Tuko na msichana wa miaka 12, jicho lake kali, hana uoga, lakini na hilo gongo kila akimaliza kulizungusha mpira ushapita kitambo, ikafika mahali akaanza kuambia wenzake yeye hajui kucheza. Iliniuma sana.

Sikiza venye inafanya kazi. Magongo mawili yakienda na mwendo ule ule, lile zito litapiga mbali zaidi, hapo hakuna ubishi. Lakini ukiongeza uzito mwendo unapungua, na mwendo ndio una maana kubwa, manake uzito ukiongezeka mara mbili nishati inaongezeka mara mbili tu, mwendo ukiongezeka mara mbili nishati inakuwa mara 4. Mtu yeyote ameshapasua kuni anajua, shoka la kukushinda kuinua halipasui gogo. Alafu kuna muda. Mpira wa mrushaji wa ligi kuu Marekani, ule wa kilomita 150 kwa saa, unafika kwa mpigaji hata nusu sekunde haijaisha, kwa hiyo mwenye gongo jepesi anapata nafasi ya kuangalia mpira kidogo zaidi kabla hajaamua.

Wengine huniambia Babe Ruth, yule mchezaji maarufu wa zamani wa Marekani, alitumia gongo la zaidi ya kilo 1 na akapiga homurani 60 mwaka wa 1927, zile za mpira kupigwa mbali mpigaji akazunguka vituo vyote. Ni ukweli, lakini Barry Bonds, Mmarekani mwenzake, alipiga 73 mwaka wa 2001 na gongo la kama gramu 900.

Kitu kingine watu hawaangalii ni uzito umekaa wapi. Shika gongo upande wa kichwa, ule mwisho mnene, ulizungushe, utahisi ni kama limepungua na bado ni lile lile, sababu sasa uzito uko karibu na mikono. Lile letu nilirudisha kwa fundi, akapunguza unene kwa kichwa, akachimba ncha kama kikombe kidogo, hata Marekani wanaruhusu hivyo, likashuka mpaka gramu 750. Yule msichana wiki ya pili alipiga mpira ukavuka ua wa shule ukaingia kwa shamba la mahindi, tukautafuta mpaka giza likaingia.

Kwa hivyo naomba wale wenye roho nzuri hutuletea magongo, tafadhali ulizeni kwanza watoto wako na miaka mingapi, msituletee yale mabaki ya watu wazima. Na mwalimu kama uko na hayo mazito tu, mwambie mtoto anyooshe mkono mmoja kwa upande akiwa ameshika gongo, uhesabu mpaka 30, mkono ukianza kutetemeka au kushuka hilo si lake, na kama hakuna lingine apandishe mikono kwa mpini asogee karibu na kichwa cha gongo, litakuwa rahisi kuzungusha.

Kocha wa watoto,
Manyatta, Kisumu.