Video ya sekunde nne

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu video ya sekunde nne inayozunguka kwenye WhatsApp ya wazazi, ya mechi ya softiboli ya wasichana niliyoichezesha majuzi. Mkimbiaji anakanyaga besi ya kwanza, mimi nimeinua ngumi: auti, yaani ametolewa. Chini yake pameandikwa, "Refa kala kitu." Sikula kitu. Hata chai ya saa nne sikupewa.

Aliyerekodi alikuwa kwenye hema la wazazi, nyuma ya besi ya tatu. Ukiwa pale mpira unakupa mgongo. Unauona ukizidi kuwa mdogo tu, hujui umeingia glavuni mwa mlinzi wa besi saa ngapi. Sisi tulifundishwa macho yabaki kwenye besi na mguu, masikio yangoje mlio wa mpira kwenye glavu. Mlio ukitangulia, auti. Kutoka besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, hadi besi ya kwanza ni mita 18 na ushei, na msichana mwenye mbio huzimaliza kwa sekunde tatu hivi. Hakuna jicho la kufuata mpira na mguu kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba nilikuwa peke yangu. Nilianzia nyuma ya mdakaji, nikihesabu straiki, yaani mipira inayohesabiwa dhidi ya mpigaji, na mpira uliporushwa besi ya kwanza nilikuwa nimesogea hatua nne au tano tu. Kwa umbali huo mlio hunifikia umechelewa kidogo, na katika kidogo hicho mkimbiaji husogea kama urefu wa rula ya darasani. Lakini kuchelewa huko humfaa yeye. Nikisikia mlio kabla ya mguu nikiwa kule mbali, basi mpira ulikuwa umefika zamani. Wenye haki ya kuninung'unikia ni wale wa timu ya pili, ambao huenda niliwanyima auti mbili tatu.

Na hapo sijataja wakimbiaji walioko kwenye besi, ambao hawaruhusiwi kuziachia hadi mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Niangalie mkono, straiki, au nyayo?

Sisemi mwamuzi hakosei. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, Jim Joyce, mwamuzi wa besiboli ya kulipwa, alisimama hatua chache kutoka besi ya kwanza akampa mkimbiaji besi ambayo haikuwa yake, na mrushaji Armando Galarraga akakosa mechi kamili, ile ambayo hakuna mpinzani hata mmoja anayefika besi, kwa auti moja. Joyce alikiri na kuomba radhi usiku huohuo. Uwanjani walikuwa waamuzi wanne.

Ninachoomba shule zetu ni mwamuzi wa pili, wa kukaa karibu na besi. Nauli yake na sahani ya wali hazifiki kodi ya lile hema. Jumamosi nina mechi nyingine, na barua niliyoletewa ina jina moja tu, langu.

Mwalimu na mwamuzi wa softiboli,
Kakamega