Yah: Makato yasiyotangazwa kwenye ununuzi wa dola mtandaoni kwa kadi za shilingi

Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Benki,
Dar es Salaam.

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Kadi

Ndugu Mkurugenzi,

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wateja 9 wenye akaunti za shilingi na kadi za malipo za benki yenu. Kadi hizo tunazitumia kununua dola na kuziweka kwenye pochi za mtandaoni, na kwa dola hizo tunawalipa wauzaji wa vipuri na vitambaa walio nje ya nchi. Hatulalamiki kwamba benki ina ada. Benki ni biashara, nasi pia ni wafanyabiashara. Tunalalamikia ada ambayo mteja haijui mpaka imeshakatwa, na ikishakatwa hakuna anayeweza kumwambia imetoka wapi.

Chukueni muamala namba 1 kwenye kiambatisho A, maana mingine mingi inafanana nao. Mteja ananunua dola 400. Ukurasa wa muuzaji wa dola unasema ada ya kadi ni sifuri. Kiwango cha mtandao wa kadi (Visa au Mastercard) siku hiyo ni shilingi 2,500 kwa dola, kwa hiyo anategemea kukatwa 1,000,000. Meseji yenu inaingia: "Umelipa TZS 1,035,000.00." Siku ya tatu, kwenye taarifa ya akaunti, inatokea mistari mingine mitatu ambayo haikutumiwa meseji: 20,700.00 imeandikwa "ada ya muamala", 2,070.00 ushuru wa bidhaa, 4,098.60 VAT. Hakuna mstari hata mmoja kati ya hiyo wenye kumbukumbu namba ya muamala uliozaa ada hiyo. Aliyefanya miamala minne wiki hiyo abaki kukisia. Jumla ni 1,061,868.60, yaani dola iliyoonekana ni ya 2,500 imemfikia kwa 2,654.67. Kwa bei hiyo angepanda daladala akanunue noti kwenye duka la kubadilishia fedha, ila noti haziingii kwenye pochi ya mtandaoni, na hilo mnalijua.

Hizo 35,000 za mwanzo tumezitafuta wenyewe. Visa na Mastercard zote zina ukurasa wa kukokotoa viwango vyao: unaweka tarehe ambayo muamala umechakatwa (si lazima iwe siku uliyobonyeza kulipa), sarafu mbili, na kwenye nafasi ya ada ya benki unaweka sifuri. Unapata kiwango cha mtandao wenyewe. Kisha unachukua shilingi zilizokatwa na kuzigawa kwa dola: 1,035,000 kwa 400 ni 2,587.50. Ukigawa 2,587.50 kwa 2,500 unapata 1.035. Tumefanya hivyo kwa miamala yote iliyolipwa kwa dola na jibu ni lile lile, asilimia 3.5 juu ya kiwango cha mtandao. Nyongeza hiyo haimo kwenye jedwali lenu la ada, wala haimo kwenye kiwango cha dola mnachobandika matawini. Tunaomba mtueleze kitu kimoja. Kama ni ada, mbona haina ushuru wa bidhaa wala VAT kama zile 20,700? Na kama ni sehemu ya kiwango cha kubadilishia fedha, mbona kiwango hicho hakijaandikwa mahali popote?

Sasa 20,700. Jedwali lenu, ukurasa wa kadi, linasema "Ununuzi mtandaoni: bure". Tulipouliza tawini tuliambiwa ada hiyo ni ya "kutoa fedha taslimu nje ya nchi", asilimia 2 na si chini ya shilingi 5,000. Hakuna aliyetoa fedha taslimu. Kilichotokea ni hiki: kila mfanyabiashara anayepokea kadi amepewa namba ya tarakimu nne inayoonyesha aina ya biashara yake. Duka la chakula lina yake, hoteli ina yake, na wauzaji wa fedha za kigeni wasio benki kwa kawaida wanaangukia 6051, kundi la miamala inayohesabiwa kuwa sawa na fedha taslimu. Nyingine za jirani ni 4829 ya utumaji fedha na 6540 ya kujaza salio. Mfumo wenu unaposoma namba hizo unauacha mstari wa "bure" na kwenda kwenye mstari wa ATM.

Huo ni uamuzi wa benki na hatubishi kwamba mna haki ya kuufanya. Lakini namba hiyo mteja haioni. Haipo kwenye ukurasa wa muuzaji, haipo kwenye risiti, haipo kwenye taarifa yenu. Tena inaweza kubadilika bila yeye kufanya lolote. Muamala namba 7 na namba 12 ni ya muuzaji yule yule, kadi ile ile, dola 250 kila mmoja. Wa Juni haukukatwa ada, wa Julai umekatwa. Muuzaji ametujibu kwa barua pepe (kiambatisho B) kwamba katikati hapo alibadilisha kampuni inayompokelea malipo na akasajiliwa upya chini ya 6051. Mteja angeyajuaje hayo?

Ninyi mlijua, na hapa ndipo penye kiini cha lalamiko letu. Muamala wa kadi mtandaoni unapita kwenu mara mbili kabla haujakamilika. Mara ya kwanza ni kwenye uthibitisho wa 3-D Secure, pale mnapomtumia mteja namba ya siri ya mara moja. Ombi linalofika kwenu wakati huo lina jina la muuzaji, kiasi, sarafu, na lina hiyo namba ya aina ya biashara. Mara ya pili ni kwenye ombi la kuidhinisha malipo, ambalo kwa muundo wa ISO 8583 (kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa malipo ya kadi) linabeba namba hiyo hiyo kwenye sehemu ya 18. Kwa hiyo mteja akiwa ameshika simu anasubiri tarakimu sita, mfumo wenu tayari unajua kwamba huu ni muamala wa asilimia 2. Mnamwandikia: "Namba yako ni 000000. Malipo USD 400." Mnanyamaza kuhusu mengine.

Mngeweza kuandika hivi: "Namba yako ni 000000. Malipo USD 400. Kadirio TZS 1,035,000. Ada na kodi TZS 26,868.60. Jumla TZS 1,061,868.60." Haifiki herufi 120, na meseji moja inabeba 160. Tunafahamu kwamba kiasi cha mwisho hubadilika kidogo, kwa sababu fedha huzuiwa leo na muamala kuhitimishwa baada ya siku moja hadi tatu kwa kiwango cha siku hiyo. Ndiyo maana tumeandika kadirio. Kiwango kikipanda hadi 2,515, ule muamala utasomeka 1,041,210, na hakuna mteja mwenye akili timamu atakayegombana nanyi kwa hilo iwapo aliambiwa mapema.

Kuna jambo dogo ndani ya hesabu hiyo ambalo huenda hata kitengo chenu hakijaliona. Asilimia 2 mmeikokotoa juu ya 1,035,000 badala ya 1,000,000. Mmetoza ada juu ya nyongeza yenu wenyewe. Tofauti ni 700, na ikishapigiwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 halafu VAT ya asilimia 18 juu ya vyote viwili, inakuwa 908.60. Kwa muamala mmoja ni nauli ya daladala. Kwa mwaka, kwa wateja wenu wote, mtapiga wenyewe.

Makato yanayouma zaidi yapo kwenye miamala midogo. Pochi nyingi huthibitisha kadi mpya kwa kukata dola 1 kisha kuirudisha. Miamala namba 3, 9 na 15 ni ya namna hiyo. Dola 1 imekatwa kwa 2,587.50, na ada ya kima cha chini ya 5,000 pamoja na kodi ikawa 6,490. Dola ilirudi. 6,490 haikurudi.

Muamala namba 18 nao una lake. Ukurasa wa muuzaji ulitoa chaguo la kulipa kwa shilingi moja kwa moja, kwa kiwango chake cha 2,610. Ni kiwango kibaya, na kwa kawaida ushauri ni kukataa na kulipa kwa dola, lakini mteja alichagua shilingi akidhani angalau atakwepa makato ya kubadilisha fedha upande wenu. Muuzaji akaomba TZS 1,044,000. Benki ikakata 1,080,540, kisha asilimia 2 na kodi zake, 28,050.82. Jumla 1,108,590.82, zaidi ya 2,771 kwa kila dola. Muamala umekuja kwa shilingi na umelipwa kwa shilingi, asilimia 3.5 hapo ni ya kubadilisha nini? Tunajua kampuni za mitandao ya kadi huwatoza ninyi kiasi fulani pale muuzaji anapokuwa nje hata kama sarafu ni ya hapa. Kiasi hicho ni sehemu ndogo ya asilimia 3.5, na hakikuandikwa popote kwamba mteja ndiye atakayekibeba.

Kuhusu marejesho, muamala namba 21 unatosha. Ununuzi wa dola 400 ulifutwa na muuzaji wiki hiyo hiyo, naye akarudisha dola 400 kamili. Kiwango cha mtandao kilikuwa bado 2,500. Benki iliweka kwenye akaunti 965,000, yaani nyongeza ile ya asilimia 3.5 wakati wa kwenda imekuwa punguzo la asilimia 3.5 wakati wa kurudi. Ada ya asilimia 2 na kodi zake zilibaki huko huko. Mteja hakupata dola hata moja na ametoka na hasara ya 96,868.60.

Tumepiga simu kituo chenu cha huduma mara tano na majibu yamekuwa matatu. La kwanza, "hayo ni makato ya Visa." Mtandao wa kadi hauna mkataba na mwenye kadi, unaidai benki, na benki ndiyo inayoamua kumpelekea mteja kiasi gani. La pili, "hizo ni kodi za serikali." Katika 26,868.60, kodi ni 6,168.60. Zinazobaki, 20,700, ni zenu. La tatu, "muulize muuzaji." Muuzaji alipokea dola zake 400 na hakuongeza senti. Tumechoka kupigwa danadana.

Tunachoomba ni hiki. Mrudishe ada ya asilimia 2 pamoja na ushuru wake na VAT kwa miamala yote ya kiambatisho A iliyokatwa, kwa kuwa jedwali lililokuwa likitumika siku hizo linasema ununuzi mtandaoni ni bure na halitaji wauzaji wa fedha za kigeni. Kwa muamala namba 18 mrudishe pia 36,540 za nyongeza, na kwa namba 21 mrudishe tofauti yote. Mtupe kwa maandishi namba ya aina ya biashara iliyosomwa na mfumo wenu kwa kila muamala. Ipo kwenye kumbukumbu zenu na kuitoa hakuhitaji zaidi ya ripoti moja. Nyongeza ya kiwango iandikwe kwenye jedwali la ada kama asilimia, pamoja na orodha ya namba zinazohesabiwa kama fedha taslimu. Ada ikokotolewe juu ya kiasi kabla ya nyongeza. Na meseji ya namba ya siri ibebe jumla ya makato. Hili la mwisho ndilo kubwa kwetu kuliko fedha zenyewe, kwa sababu mteja akiliona anaweza kubonyeza "ghairi".

Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinagusa uwazi wa ada na namna ya kushughulikia malalamiko, na kitengo chenu cha sheria kinazo. Tunawapa siku 14 za kazi tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, jalada hili lote, pamoja na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa mapokezi yenu, litapelekwa kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu.

Tafadhali mjibu kwa maandishi. Majibu ya simu tunayo ya kutosha.

Wenu,
Wateja 9 (majina, namba za akaunti na saini zipo kiambatisho C)

Viambatisho:
A – Jedwali la miamala 23, kila mmoja na kiwango cha mtandao cha siku yake
B – Barua pepe ya muuzaji kuhusu mabadiliko ya namba ya biashara
C – Majina na saini
D – Nakala ya jedwali la ada lililochukuliwa tawini, ukurasa wa kadi