"Elfu na Mia Tano, na Dawa Hamukunipa"

Wiki iliyopita kijana mmoja alitoka kwetu amenuna, na kabla ya magharibi meseji ikaingia kwenye simu ya kliniki yetu ya ngozi: "Mumenila elfu na mia tano, na dawa hamukunipa. Huu ni wizi mtupu." Si wa kwanza. Hili la "mumeniangalia tu" tunaambiwa karibu kila mwezi, na anayeoga matusi ni dada wa mapokezi, ilhali si yeye aliyepanga bei. Basi leo najibu mwenyewe. Kijana akisoma atajijua, ingawa nimebadilisha mawili matatu ili mwingine asimjue.

Ana harusi karibuni. Alikuwa ameona vipele vidogo vyeupe kuzunguka kichwa cha uume, pale penye ukingo, akaenda kuvisimulia barazani. Huko akagawiwa magonjwa: mmoja akasema ni chunjua, mwingine kisonono, na mzee mmoja akakata shauri kwamba ni tego, bila shaka kapita kwa mke wa mtu. Kijana akajipaka ndimu siku tatu. Alipofika kwangu ngozi imebabuka na vipele viko vile vile.

Nilimwangalia kwa lenzi yenye taa. Vipele vyote saizi moja, kama kichwa cha pini, laini, vimejipanga safu kama shanga. Chunjua haina adabu hiyo. Huota ovyo, moja kubwa moja ndogo, na juu imekwaruza kama koliflawa. Hivi vyake ni maumbile. Wanaume wengi wanavyo, haviambukizi, na hakuna dawa ya kupaka kwa sababu hakuna ugonjwa. Nikamwambia avae nguo akaoe. Akabaki amekaa, anangoja tyubu ya krimu.

Ningeweza kumfungia moja ya mia mbili na hamsini, akaondoka ananiombea dua. Ningekuwa nimemwibia kweli hapo.

Maana tyubu yenyewe naijua. Karibu kila anayeingia hapa ameshaipitia, ile ya "tatu kwa moja" anayopewa mtu dirishani mwa duka la dawa bila kuvua hata mkanda. Ndani mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Steroidi ndiyo inayokufurahisha, kwa kuwa muwasho unakata siku ya pili. Lakini hiyo hiyo inailaza kinga ya ngozi, na fangasi wanabaki na uwanja mtupu. Na ngozi ya huko chini si ya kuchezewa. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, walipaka haidrokotisoni sehemu mbalimbali za mwili wakapima inayopenya ndani: ngozi ya korodani ilipitisha kama mara 40 ya ile ya kigasha. Sasa haidrokotisoni ni steroidi pole. Hiyo ya kwenye tyubu ni kali zaidi.

Dereva mmoja wa tuktuk alinimwagia mezani tyubu tupu tisa. Miezi minane anapaka, kaskazi yote yuko juu ya kiti cha plastiki na suruali ya jinzi, jasho linachuruzika. Alianza na duara moja kwenye kinena. Nilipomvua, fangasi walikuwa wameshazunguka mpaka matakoni, na mapajani ana michirizi kama tumbo la mama aliyezaa mapacha. Ngozi imekuwa nyembamba, mishipa unaihesabu. "Daktari, nikiacha inawaka moto," akasema. Ndiyo, itawaka, ndivyo ilivyo steroidi ukiizoesha ngozi. Fangasi tuliwatoa kwa vidonge na krimu isiyo na steroidi, wiki nyingi, tena mwezi wa kwanza alinilaani. Michirizi haitatoka. Tyubu tisa kwa 250 ni shilingi 2,250, na mimi ndiye ghali.

Kwa hiyo ukija kwetu, njoo hujapaka kitu. Kama umeshapaka, njoo na tyubu yenyewe, usione haya. Nikikwambia nakukwaruza, ni hivi: nachukua wembe butu, nakwangua ukingo wa duara, si katikati, ukingoni ndiko waliko hai. Magamba yanadondoka kwenye kioo kama unga. Naweka tone la potasiamu haidroksaidi, nafunika, nasubiri kama dakika kumi yayeyuke, halafu naweka chini ya hadubini. Fangasi wakiwapo utaona nyuzi zenye matawi zimepita katikati ya seli. Nawaita wagonjwa waangalie wenyewe, wengi wanaruka. Ukishapaka wiki nzima ukingo umefifia, nyuzi hazionekani, na mimi nabaki kubahatisha kama yule wa dirishani.

Na si kila muwasho ni fangasi. Choa cha kinena, yaani fangasi wa hapo, hukaa kwenye mikunjo ya mapaja, ukingo umeinuka, katikati pamepoa, na kwa kawaida korodani zenyewe huziacha. Ukiniambia fangasi na kinachowasha ni korodani tupu, nitakuuliza sabuni gani, umepaka nini, unajikuna usiku au mchana. Mara nyingi ni ukurutu, au ni mkono wako: umejikuna mpaka ngozi imekuwa nene kama gome. Huyo ukimpa dawa ya fangasi unamwongezea mwasho. Yupo aliyejipaka marhamu ya asidi ya fangasi wa miguuni, ile inayobambua ngozi ya unyayo. Mkewe aliniambia alikaa kwenye beseni la maji kuanzia isha mpaka alfajiri.

Miguu nayo naiangalia. Mlinzi mmoja wa hoteli alikuwa anapona kinena na kuugua tena, anapona na kuugua. Nikamvua buti. Katikati ya vidole ngozi nyeupe, imelowa, inanuka. Kila asubuhi anapitisha chupi kwenye nyayo zile zile kabla hajavaa soksi. Tulitibu miguu, na nikamfundisha avae soksi kwanza ndipo chupi. Alicheka sana, lakini hajarudi.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha bwana mmoja wa upande wa Mambrui, karibu na Malindi, alikaribia kumwacha mke. Mara tatu kwa mwaka alitokewa na doa jekundu kwenye uume, linafura, linaunguza, likipoa linaacha weusi. Alishapigwa sindano za kaswende bila kupimwa, na alishamtuhumu mama wa watu mbele ya shemeji zake. Mimi nikamuuliza swali moja: doa linarudi pale pale, au linahama? Pale pale, kama muhuri. Na kabla yake ulimeza nini? Akafikiri. Kila akiharisha humeza vidonge vya salfa anavyoweka kabatini. Basi ni hivyo. Kuna watu ambao dawa fulani huwatokea ngozini mahali pamoja tu, saa chache au siku moja mbili baada ya kumeza, na uume ni mahali papendwapo sana. Salfa inasifika kwa hilo, hata baadhi ya dawa za maumivu. Niliandika jina la dawa kwenye kadi, nikamwambia akae mbali nayo maisha yake yote. Dawa ya kupaka sikumpa zaidi ya kidogo cha kupoza. Huyu naye alilipa elfu na mia tano, ila yeye alileta samaki.

Upele ule wa kuambukizana, wa wadudu, unaowasha usiku, nitasema machache. Ukiona vijiuvimbe vigumu kwenye uume na korodani, angalia na kati ya vidole vya mikono, na uliza nani mwingine nyumbani anajikuna. Dawa inapakwa kuanzia shingoni mpaka unyayo, nyumba nzima siku moja, mashuka yanafuliwa, na kama dawa yenyewe ni permethrini unarudia baada ya wiki. Ukipaka peke yako, mtoto aliyerudi na upele kutoka bweni atakurudishia. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili au hata nne baada ya wadudu kufa. Hapo ndipo watu wanaponipigia kusema dawa ni feki.

Kidonda ni habari nyingine, na hapo sina mzaha. Kidonda kisichouma ndicho kinachonitisha. Cha kaswende hupona chenyewe baada ya wiki chache, mtu akashukuru Mungu, kumbe ugonjwa umeingia ndani. Nikikupima damu siku za mwanzo jibu linaweza kutoka safi, ndiyo maana nakuita tena. Hiyo si njia ya kukutoza mara mbili. Kipimo cha marudio hulipii. Na mwenzio lazima aje. Kama kidonda hakifungi wiki nyingi, nakata kipande kidogo kwa ganzi kiende Mombasa kikaangaliwe kama ni saratani. Ni nadra, lakini hakuna macho yanayoweza kukuapia bila kipande.

Yupo pia Mtaliani wangu, mstaafu, Kiswahili chake kizuri kuliko cha baadhi ya majirani. Hajatahiriwa, na kila mwezi govi linavimba, jekundu, lina utando mweupe. Alishazunguka na krimu mwaka mzima. Nikamtoboa kidole: sukari 18.4, iko juu mno. Dawa yake ilikuwa kwa daktari wa kisukari, siyo kwangu.

Hesabu ni hii, ili asije mtu akasema hakuambiwa. Kuangaliwa ni elfu na mia tano, hadubini ikiwa ndani yake. Ukirudi kwa tatizo lile lile ndani ya mwezi hulipi kitu. Anayekuangalia ni mimi, mlango umefungwa, na ukifika mapokezi sema "ngozi" tu, dada hatakuuliza ya wapi. Kunitumia picha kwa simu usiku wa manane hakufai. Picha hazina ukingo, na mke wangu ndiye anayezifungua.

Bwana harusi, nimekujibu kwenye simu pia. Pita siku yoyote kabla ya nikaha, nitakuonyesha tena kwa lenzi, utazame mwenyewe, bure. Ile elfu na mia tano sirudishi.