Wainjilisti wa mitaani nao waandikwe

Ndugu Mhariri,

Kila gazeti lako likigusa habari za wamisionari, namkuta Livingstone, namkuta Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844. Sina ugomvi nao. Leo naomba nafasi nimtaje David Nasmith wa Glasgow, mji ulio jirani na Blantyre ya Uskoti alikozaliwa Livingstone. Huyu hakupanda meli kuja kwetu. Aliingia vichochoro vya mji wake mwenyewe.

Januari 1826, akiwa na miaka 26, alianzisha misheni ya mji pale Glasgow. Waliotumwa walikuwa walei wa madhehebu mbalimbali, wakilipwa ili wabishe hodi nyumba kwa nyumba katika mitaa ya maskini na kuwasomea watu Biblia. Mwaka 1835 akaanzisha nyingine London, nyumbani kwake Hoxton, wakiwa watu watatu tu. Misheni hiyo ipo mpaka leo. Yeye aliiacha mwaka 1837, na miaka miwili baadaye akafia Guildford akiwa fukara, ana miaka 40, ameacha mjane na watoto.

Hapo ndipo nilipolia. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa mtaa, Tandale, kwa miaka kumi na tisa. Alitembea kwa miguu na daftari lenye jalada jeusi: nani mgonjwa, nani kafiwa, nyumba gani hawajala tangu jana. Mto Ng'ombe ukifurika, alivua viatu akavuka. Posho ilikuja mwezi huu, miwili ijayo haionekani. Alipougua figo hatukukuta hata shilingi moja ya akiba ya uzeeni iliyowekwa kwa jina lake. Majirani, wengi wao Waislamu, ndio waliochanga nauli ya kumpeleka Muhimbili. Msibani zikasomwa sifa ndefu sana.

Nawaomba viongozi wa makanisa: kabla ya kumtuma mwinjilisti mtaani, mpeni mkataba na mmchangie mafao kila mwezi, kama mnavyomchangia dereva wa ofisi. Nawe Mhariri, tuma waandishi wako Manzese, Buguruni na Vingunguti, wawahoji wazee hawa wangali hai.

Daftari la baba ninalo. Ukurasa wa mwisho una nyumba saba alizokusudia kurudi. Mama amekwisha kuzifikia tano.

Binti wa mwinjilisti,
Tandale, Dar es Salaam